Nani Kafika Ujiji? Takwimu za Wageni wa Tovuti Binafsi, Zikisomwa Kutoka Ziwa Tanganyika

Mgeni mashuhuri kuliko wote katika historia ya Ujiji, mkoani Kigoma, alipokewa na mwenyeji ambaye kalenda ilikuwa imemponyoka. Jiwe la kumbukumbu penye makumbusho ya Livingstone linasema Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone chini ya mwembe tarehe 10 Novemba 1871. Hiyo ni tarehe ya Stanley. Shajara ya Livingstone inauweka mkutano huohuo mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua njiani na hesabu ya siku ikawapotea, kila mmoja kwa kiasi chake. Idadi nayo ina utata wake. Vitabu vinamtaja mgeni mmoja, lakini waliotoka majumbani siku ile kuutazama msafara ukiingia kwa milio ya bunduki, bendera ya Marekani ikitangulia, waliona wapagazi, askari na wapishi. Kwa mchuuzi wa Ujiji aliyekuwa akiwaza atauza samaki na muhogo kiasi gani, waliofika ni hao wote.

Nani kafika, lini, na wangapi: maswali haya matatu ndiyo anayojiuliza leo mwenye tovuti anapofungua ukurasa wa takwimu. Mwalimu anayekusanya masimulizi ya Ujiji, mwongoza watalii anayetangaza safari za hifadhi za Gombe na Mahale, mfanyabiashara anayeandika bei za dagaa na migebuka, kijana aliyeipiga picha meli ya MV Liemba kila ilipotia nanga: yeyote kati yao anaweza kuwa na tovuti ndogo kwa jina lake, na siku moja atataka kujua kama kuna anayeisoma. Atakuta namba, na mara nyingi itakuwa kubwa kuliko alivyotarajia. Hoja yangu ni kwamba namba hiyo hupima njia na vyombo kabla ya kupima watu, na kwamba mwambao wa Ziwa Tanganyika ni mahali ambapo tofauti ya vitu hivyo inajitokeza kwa pande zote mbili: takwimu zinawazidisha watu na papo hapo zinawaficha. Sisemi ni za kutupwa. Zina maswali machache zinayoyaweza, na mengi yanayozishinda.

Kila aliyewahi kuingia ofisi ya serikali nchini anakijua kitabu cha wageni: tarehe, jina, unakotoka, dhumuni, sahihi. Seva ya tovuti nayo ina kitabu chake, ila anayekijaza si mgeni. Kila kinapoombwa kitu, seva huandika mstari mmoja: anwani ya IP iliyoomba, tarehe na saa, kitu kilichoombwa, kama kilipatikana, ambapo huandikwa 200, au hakikuwepo, ambapo huandikwa 404, kisha ukubwa wake kwa baiti, ukurasa alikotokea mwombaji iwapo umetajwa, na kivinjari kwa jinsi kinavyojitambulisha chenyewe. Jina la mtu halimo. Dhumuni halimo. Sahihi ni ya mashine, na mashine inaweza kujiita chochote.

Mistari hiyo ndiyo malighafi yote. Tuseme ukurasa una maelezo ya mwalo wa Katonga na picha 24 za dagaa wakianikwa. Mtu mmoja akiufungua mara moja, kitabu kitapata mistari 25, na mingine zaidi kwa ajili ya faili za mpangilio na aina za herufi. Anayehesabu mistari atasema "nimepigiwa hodi mara 25", na hatakuwa amedanganya. Kilichobaki ni kujua kwamba huo ulikuwa msafara mmoja. Wengi waliojisifu miaka ya mwanzo ya intaneti kwa "maombi milioni moja kwa mwezi" walikuwa wakihesabu wapagazi.

Hatua ya pili ni kuikusanya mistari iwe ziara. Kwa mazoea ya programu nyingi, maombi yanayotoka chombo kimoja bila kupita dakika 30 za ukimya ni ziara moja. Zikipita, ni ziara mpya. Hakuna sababu ya kimaumbile ya kuchagua 30 badala ya 20 au 60. Msomaji wa Kigoma anayefungua makala, umeme ukakatika au bando likaisha, akaongeza salio baada ya saa moja na kuendelea aya alipoishia, amekuwa ziara mbili. Hatua ya tatu na ngumu kuliko zote ni kumhesabu mgeni: yule mtu mwenyewe. Hapa programu hutegemea vidakuzi, yaani alama ndogo inayoachwa ndani ya kivinjari ili kikirudi kesho kitambulike. Ukifuta vidakuzi, umezaliwa upya. Ukiwa na simu, na kompyuta ya ofisini, wewe ni watu wawili.

Mtu aliyeyasema haya mapema na bila kuzunguka ni Stephen Turner, mwanahisabati wa Cambridge aliyetoa programu ya Analog mwaka 1995, mojawapo ya programu za kwanza zilizoenea za kuchambua vitabu vya seva. Katika maelezo yaliyoambatana na programu yake mwenyewe aliwaonya watumiaji kwamba idadi ya wageni haijulikani na haiwezi kujulikana kwa njia hiyo. Walimsikiliza wachache. Zikaja Webalizer na AWStats zenye michoro ya rangi, na mwaka 2005 Google, iliyokuwa imeinunua kampuni ya Urchin, ikatoa Google Analytics bure. Hesabu ikahama kutoka kwenye seva kwenda kwenye kivinjari cha msomaji, ambako kipande cha programu hutuma taarifa kwa Google. Namba zikashuka kwa tovuti nyingi, maana roboti nyingi hazikuwa zikikiendesha kipande hicho. Julai 2023 toleo la zamani likazimwa na toleo jipya, GA4, likashika nafasi yake kwa maana mpya za maneno yaleyale. Tovuti ambayo haikubadilika hata nukta ilipata wageni wa aina nyingine kwa sababu kipimo kilibadilishwa.

Linganisha na sensa. Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 ilihesabu watu 2,470,967 katika mkoa wa Kigoma, na nguvu ya namba hiyo inatokana na swali lake kuwa moja na kuwa gumu kulikwepa: nani alilala katika kaya hii usiku wa kuamkia 23 Agosti? Aliyekuwa safarini Tabora alihesabiwa Tabora. Aliyevuka kutoka Uvira akalala Kibirizi alihesabiwa Kibirizi. Unaweza kubishana na swali, lakini unalijua. Takwimu za tovuti hazina usiku wa kuamkia. Zina mfululizo wa maamuzi madogo yaliyofanywa na watengeneza programu walioko mbali, na mwenye tovuti hupewa jumla yake.

Kisha kuna wageni wasio na miguu. Injini za utafutaji hutuma roboti kusoma kurasa ili zijue nini kipo wapi. Tangu 2023 zimeongezeka kwa wingi roboti zinazokusanya maandishi ya kufundishia mifumo ya akili mnemba. Na zipo zinazopita zikitafuta tundu la kuingilia, zikiomba kwa mfululizo kurasa za usimamizi ambazo tovuti yako haina. Kampuni ya usalama ya Imperva ilikadiria kwamba mwaka 2024 roboti zilifikia asilimia 51 ya mwendo wote wa mtandaoni uliopita katika vipimo vyake. Kwa tovuti kubwa ya habari, roboti ni kelele pembeni ya umati. Kwa tovuti ndogo yenye wasomaji wachache kwa siku, roboti ndizo umati. Hazina upendeleo: zinapita kwa mwenye wasomaji milioni na kwa mwenye wasomaji watano, na huyu wa watano ndiye anayeamini kwamba kafika mbali.

Mfano unaonifurahisha kuliko yote ni Iowa. Jimbo hilo la Marekani lina mji wa Council Bluffs, ambako Google ina vituo vikubwa vya data, na mashine zinazokodishwa humo zinaweza kutumwa na yeyote duniani kutembelea kurasa. Kwa hiyo "ziara 40 kutoka Iowa" katika takwimu za tovuti ya Kigoma, kwa kawaida, ni mashine. Ila Iowa hiyohiyo, hasa Des Moines, ina familia za Warundi na Wakongo zilizopitia kambi za wakimbizi za mkoa wa Kigoma kabla ya kuhamishiwa Marekani. Hao wanasoma Kiswahili. Wana kila sababu ya kutafuta usiku habari za Kasulu, za kambi ya Nyarugusu, za bei ya mawese. Ndani ya takwimu mashine ya Council Bluffs na mama wa Des Moines wameandikwa kwenye mstari mmoja wa nchi, na anayeamua "Marekani zote ni roboti" atamtupa huyo mama pamoja na takataka. Njia ya kuwatenganisha ipo, nayo ni ya kizamani: tazama walichofungua. Roboti hufungua kurasa kwa mpangilio wake, ikiwemo ile ya masharti ya matumizi. Binadamu hufungua moja au mbili, kwa saa zinazolingana na usiku wa kwao.

Ukitoka kwenye mashine ukaja kwa watu, ramani ndiyo inayopotosha zaidi. Zamani tovuti nyingi za Afrika Mashariki zilipamba pembeni ramani ya dunia yenye vitone vyekundu kuonyesha wasomaji walipo, na hadi leo programu za takwimu zina orodha ya miji. Mwandishi wa Kigoma akiitazama, atakuta Dar es Salaam imejaa na Kigoma haina mtu. Wengine hukata tamaa hapo: nyumbani hawanisomi. Kilichotokea ni kwamba simu iliyoko mitaa ya Mwanga au Gungu, Kigoma, haitoki kwenda duniani moja kwa moja. Mwendo wake unasafiri ndani ya mtandao wa kampuni ya simu hadi kwenye lango kuu, na mara nyingi lango liko Dar es Salaam, ambako nyaya za baharini kama SEACOM, iliyofika mwaka 2009, zinapanda nchi kavu. Seva inaona lango tu. Zaidi ya hapo, anwani za IP za mfumo wa zamani ni haba, kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Maelfu ya watu, kwa kitabu cha seva, wanaweza kuonekana wanatoka mlango mmoja.

Mpakani hali inazidi kuchanganya. Mfanyabiashara wa Kigoma aliye Bujumbura au Kalemie akitumia laini ya Tanzania kwa huduma ya nje ya nchi, mwendo wake kwa kawaida hurudishwa kwanza nyumbani kwenye lango la kampuni yake, hivyo takwimu zinamwonyesha Tanzania. Mwenzake aliyeko vijiji vya kaskazini mwa ziwa, ambaye simu yake imeshika mnara wa Burundi na ana laini ya Burundi kwa ajili ya biashara, anaonekana Burundi akiwa amekaa Tanzania. Na kuna miezi ambayo ramani nzima inahama. Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi mkuu, mitandao ya kijamii ilipobanwa nchini, Watanzania wengi walipita kwa VPN, ambayo huonyesha anwani ya nchi nyingine, na ghafla wasomaji wa Kiswahili wakaonekana Uholanzi, Marekani na Ujerumani. Diaspora haikuongezeka wiki ile.

Pale programu isipojua kabisa, hukisia. Mwaka 2016 mwandishi wa habari wa Marekani aligundua kwamba shamba moja la Kansas lilikuwa likisumbuliwa kwa miaka na polisi na watu wenye hasira, kwa sababu kampuni ya ramani za IP ilikuwa imeziweka pale mamilioni ya anwani ambazo ilichojua ni kwamba ziko Marekani tu. Shamba lilikuwa karibu na katikati ya nchi. Kwa mantiki hiyohiyo, Mtanzania asiyejulikana alipo anaweza kuchomekwa katikati ya Tanzania, upande wa Singida na Dodoma. Ukiona msomaji wako mwaminifu yuko porini huko, usimpangie ziara.

Upande wa pili wa mizani ni wanaosoma bila kuhesabiwa, na kwa maoni yangu ndio wengi zaidi katika mazingira yetu. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) huhesabu laini za simu, na mwaka 2024 laini nchini zilikuwa zimepita milioni 80 wakati sensa ya 2022 ilikuta watu 61,741,120. Mtu mmoja hubeba laini mbili au tatu kufuata bando la bei nafuu. Papo hapo simu moja ya bei hutumiwa na nyumba nzima. Makosa haya mawili hayafutani, yanalundikana. Tazama jinsi makala inavyosafiri Ujiji. Mmoja anaifungua, anapiga picha ya skrini aya anazozitaka, anazituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, mwingine anasoma kwa sauti barazani. Seva imeandika ziara moja. Hata kiungo chenyewe kikitumwa WhatsApp, simu ya anayetuma huomba ukurasa ili kuonyesha kipicha na kichwa cha habari, na hapo seva inaandika ombi ambalo halina msomaji. Kisha wanaobonyeza kiungo hufika bila kutajwa walikotoka, na takwimu zinawaweka kwenye kapu la "waliokuja moja kwa moja", kana kwamba watu wa Ujiji huketi na kuandika anwani ndefu ya ukurasa herufi kwa herufi.

Miaka ya nyuma kulikuwa na tatizo la Opera Mini, kivinjari kilichopendwa sana Afrika kwa kubana data. Seva za Opera ndizo zilizouchukua ukurasa, zikaukandamiza na kuupeleka kwenye simu. Kwa mwenye tovuti asiyejua kuisoma anwani ya ziada iliyoambatanishwa, msomaji wa Kibondo alikuwa kituo cha data cha Ulaya. Miaka hiyo takwimu nyingi za tovuti za Kiswahili zilipotoka hivyo, na hakuna tena namna ya kuzinyoosha.

Muda wa kusoma ndiyo namba ninayoiamini kidogo kuliko zote. Kwa miaka mingi Google Analytics ilikokotoa muda kwa kutazama tofauti kati ya ukurasa uliofunguliwa na unaofuata. Anayefungua ukurasa mmoja, akausoma dakika 20 kwa makini hadi mwisho, kisha akaifunga simu, alirekodiwa sekunde sifuri na kuhesabiwa miongoni mwa walioondoka mara moja. Yaani msomaji bora kuliko wote aliandikwa kuwa ndiye mbaya.

Hapa Kigoma ina la kufundisha kuliko vitabu vya masoko ya mtandaoni, na darasa liko Gombe. Mtafiti Jane Goodall alifika pale tarehe 14 Julai 1960 kuwatazama sokwe ambao kwa miezi walimkimbia. Sokwe aliyemvunjia ukimya, David Greybeard, aliingia kambini kufuata mchikichi uliokuwa umeiva, kisha akaonja ndizi. Ndizi zikaanza kuwekwa kwa makusudi. Idadi ya sokwe waliotembelea kambi ikapanda na watafiti wakaweza kuwatambua mmoja mmoja kwa sura na jina. Lakini ndizi zilileta na nyani, zikaleta msongamano, na ugomvi ukaongezeka penye masanduku ya chakula. Ugawaji ukapunguzwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na baadaye ukakomeshwa. Mwaka 1991 Margaret Power alichapisha kitabu akidai kwamba sehemu kubwa ya tabia zilizorekodiwa, ukiwemo ukatili, zilitengenezwa na ndizi; watafiti wengine wakampinga, na uchambuzi wa jamii nyingi za sokwe uliotoka mwaka 2014 ulionyesha kwamba mauaji kati yao hayaelezeki kwa kuingiliwa na binadamu. Mjadala wa mauaji si wetu hapa. Kinachotuhusu ni kwamba hakuna aliyebisha jambo moja: ziara kambini zilipanda kwa sababu ya ndizi, na namba hiyo peke yake haikusema lolote kuhusu sokwe wa msituni.

Kichwa cha habari cha kuchokoza ni ndizi. Mwalimu wa historia ya Ujiji akiandika "Siri nzito ya Livingstone ambayo hukuwahi kuambiwa", mchoro utapanda, na atakaowapata ni wale wanaofuata siri. Akizoea kuandika kwa kufuata mchoro, baada ya mwaka atakuwa na tovuti ya siri. Sidhani ni dhambi, wapo wanaoishi kwa hilo. Ila asiseme tena anapima hamu ya watu kujua historia ya Ujiji.

Jambo la pili la Gombe ni mbinu iliyokuja kuwa uti wa mgongo wa utafiti: kumfuata sokwe mmoja tangu anapoamka kwenye kiota chake alfajiri hadi anapotengeneza kingine jioni, ukiandika anakula nini, anakutana na nani, anapita wapi. Siku moja ya namna hiyo hujibu maswali ambayo mwaka wa kuhesabu penye sanduku la ndizi hauwezi kuyajibu. Mwenye tovuti ndogo yuko katika nafasi hiyo kuliko mwenye tovuti kubwa. Wasomaji wake ni wachache, wengine anawajua kwa sauti. Kuongea na watano kwa simu, akawauliza waliufikiaje ukurasa, waliusoma wapi, walimtumia nani, kutamfundisha zaidi ya jedwali la nchi 40.

Jedwali lina kazi moja inayolifaa, nayo ni kujilinganisha na lenyewe. Kipimo kibovu kisichobadilika bado huonyesha kupanda na kushuka. Ukitumia programu ileile, mipangilio ileile, na roboti zimechujwa kwa namna ileile, makosa mengi hukaa palepale mwezi hadi mwezi, na kinachosogea ndicho cha kutazama. Sharti ni kuijua kalenda ya mahali. Chukua mfano wa kubuni wa tovuti inayoandika bei za dagaa za Kibirizi na Katonga. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki, kwa hiyo wavuvi hupumzika. Tovuti hiyo ingetarajiwa kupanda na kushuka kwa mwezi wa angani, ambao haulingani na mwezi wa kalenda. Programu ya takwimu inayolinganisha "mwezi huu na mwezi uliopita" kwa tarehe ingeweza kuweka vipindi viwili vya giza upande mmoja na kimoja upande mwingine, kisha kumpongeza mwenye tovuti kwa ukuaji ambao ni wa mwezi. Mwaka 2024 nchi nne za ziwa hili zilisimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mshauri wa masoko aliyeko mbali angeona Juni imeporomoka na kupendekeza kubadilisha rangi za ukurasa.

Sheria nazo zina kalenda yake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wachapishaji, hata wadogo, wawe na leseni, na ada zake zikafika takriban shilingi milioni 2. Wapo waliofunga kurasa zao, na wapo waliohamia Facebook na Instagram. Huko mwandishi hana hata kitabu cha wageni. Anaonyeshwa kile ambacho mwenye jukwaa ameamua kumwonyesha. Anayelinganisha wageni wake wa 2017 na wa 2019 lazima alikumbuke pengo hilo kabla ya kujilaumu.

Kwa asiyetaka kujenga chochote ipo njia ya bure ya kujizoeza kusoma namba. Tangu 2015 Wikimedia huweka hadharani hesabu za ufunguzi wa kila makala ya Wikipedia, ikiwemo ya Kiswahili, na huzitenga zilizofunguliwa na watu na zilizofunguliwa na roboti. Tafuta makala ya Ujiji, ya Kigoma na ya Gombe, weka michoro pamoja, kisha washa na kuzima roboti. Somo hilo la robo saa linafaa kuliko maelezo yangu yote ya juu, kwa sababu unaliona tatizo kwenye tovuti isiyo yako, ambapo majivuno hayaingilii.

Udogo una hatari ambayo wakubwa hawana. Katika tovuti yenye wasomaji laki moja, mstari mmoja ni chembe. Katika tovuti yenye wasomaji 12, mstari wenye simu ya aina fulani, saa tano usiku, ikirudia makala ileile ya siasa za Burundi, ni mtu. Mwenye tovuti anaweza kumjua bila kutaka. Mwingine mwenye uwezo wa kuiuliza kampuni ya simu anaweza kumjua zaidi, maana laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na anwani ya IP ikiunganishwa na saa kamili hupunguza sana orodha ya waliokuwa nyuma ya lango. Mkoani Kigoma kuna wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu ilianzishwa mwaka 1996, na mwaka 2015 Warundi walifurika kijiji cha Kagunga, Liemba ikawasomba kwa awamu hadi mjini. Kwa watu waliokimbia, orodha ya walichosoma si jambo la masoko.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu awe na sababu, na asikae nazo kupita haja yake. Wenye tovuti binafsi wengi hawajui kwamba wanakusanya chochote. Kitabu kinajijaza chenyewe kwenye seva waliyoikodi, na kinabaki humo miaka. Programu kama Matomo zinaweza kuikata sehemu ya mwisho ya anwani kabla ya kuihifadhi, na seva nyingi zinaweza kupangwa zifute mistari ya zamani baada ya wiki chache. Namba za kulinganisha Juni na Julai zitabaki zilezile, kurasa zilizopendwa zitabaki, hata lile jedwali la nchi litabaki na makosa yake yote. Mipangilio yenyewe mara nyingi huwa kwenye ukurasa wa usimamizi wa programu au wa seva, na kuibadilisha kwa kawaida hakuhitaji fundi.